Mstari Uliosogezwa

Palikuwa na Duma, jike mwenye kiburi cha mbio. Kila aliposhindana na Kongoni, kutoka kichuguuni hadi mtoni, alimwacha mbali.

"Umbali huu unakupendelea," Kongoni alilalamika. "Kabla sijachanganya miguu, wewe umeshafika."

Fisi, mwamuzi wao, akadakia, "Basi tusogeze mstari hadi kwenye majabali yale. Au Bibi Duma anaogopa?"

Duma alijua kwamba kifua chake hakihimili mbio ndefu. Lakini wanyama wote walikuwa wakimtazama. "Sogeza," akasema, na Fisi akatangulia kwenda kuwangojea.

Wakatimka. Duma aliuvuka mto akiongoza, huku akishangiliwa. Mbele kidogo miguu ikawa mizito, pumzi zikamwishia. Kongoni akampita bila kugeuka. Duma alijikokota hadi majabalini, akaanguka ubavu, ulimi nje.

Fisi alikuwa pale na ndugu zake wote.

"Nimeshindwa," Duma alisema akihema. "Mpeni Kongoni ushindi wake."

"Hayo ya ushindi mtajuana wenyewe," Fisi akajibu, akimsogelea. "Sisi tulitaka uchoke tu."

Kongoni alisikia yowe nyuma yake. Alikuwa ameshauvuka mstari, lakini hakuthubutu kusimama.