Kandambili za Mashavu

Mashine ile ya kurusha elektroni, ya kuulia vijidudu kwenye mabomba ya sindano, ilikuwa na sheria moja. Kila anayeingia chumbani kwake huchukua ufunguo wake ubaoni, na ufunguo mmoja ukikosekana, mashine haiwaki. Asubuhi hiyo Mashavu alimwambia Mtulia, "Kaka, wako mmoja unatutosha. Dakika mbili tu."

Waliacha kandambili mlangoni, wakaingia kupanga maboksi. Mtulia alitoka, akaurudisha ufunguo, akafunga mlango, akawasha, akidhani mwenzake ameshakwenda kunawa mikono. Kengele ya tahadhari ikaanza kulia. Ikinyamaza yenyewe, elektroni zimetoka.

Ndipo alipoziona kandambili za buluu za Mashavu, bado ziko mlangoni.

Alirukia kitufe chekundu cha kuzimia mashine, akakibamiza kwa kiganja, na kengele ikanyamaza papo hapo. Hakujua kama ameinyamazisha yeye au imemaliza muda wake.

Mlango wa zege ulianza kufunguka, polepole kama siku zote.

"Mashavu!" aliita.

Aliinama, akazigeuza zile kandambili zitazame nje, tayari kwa mtu wa kuzivaa.