Bei ya Kila Kasoro

Mkaguzi wa nyumba hakutaja bei mpaka alipotazama viatu. Uani palikuwa na jozi mbili. Moja nyeusi, ya ngozi, inang'aa hata ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Hiyo ilikuwa ya bwana aliyesimama kando ya gari akiongea na simu. Nyingine ilikuwa kandambili za bibi aliyekuwa akifagia majani. Kwa mkaguzi, hesabu iliishia hapo hapo. Bei yake akaipandisha maradufu.

Dalali alikuwa amemweleza kidogo tu: humo ndani yumo bibi aliyekaa tangu kifungua mimba wake anatambaa, na mambo yasipokwisha mwezi huu atatoka na masufuria yake, wala hana pengine pa kwenda. Mkaguzi hakuuliza zaidi. Huruma haikuwa na nafasi katika bei zake.

Bei zenyewe alizipata kwa taabu. Zamani alitoza kwa chumba. Wateja wakaanza kuapa kwamba chumba cha kulala ni stoo. Akatoza kwa saa. Wakamfuata nyuma nyuma wakitazama saa zao, wakinuna hata akienda kujisaidia. Aliwadharau wote. Sasa alitoza kwa kasoro. Kila kasoro aliyoigundua ililipiwa, na mnunuzi alilipa akichekelea, maana kila moja ilimshusha muuzaji kiburi na bei kwa pamoja.

Akayatangaza masharti hayo kwa sauti, uso ameuelekeza kwenye viatu vinavyong'aa.

"Wewe fanya kazi yako," bwana alijibu, akarudi kwenye simu.

Bibi akaegemeza fagio ukutani. "Na zile nitakazokuonyesha mimi, baba, ni bei gani?"

Mkaguzi alicheka mpaka akajishika kiuno. Katika miaka yake yote ya kazi hajapata kuona mtu wa kujichongea namna hii. "Hizo bure, bibi. Mimi nalipwa kwa macho yangu, silipwi kwa mdomo wako."

"Haya. Basi tuanzie jikoni."

Jikoni bibi alivuta kabati. Nyuma yake ufa ulipanda kutoka sakafuni hadi dirishani, mpana wa kuingiza kijiko. Chumbani alibonyeza fremu ya mlango kwa kidole kimoja, ikamomonyoka kama biskuti iliyolowa. Mchwa walikwisha kula wakabakiza rangi. Akaonyesha bati lilipotoboka, na waya unaomtetemesha mtu akiwasha taa na mkono una maji. Mkaguzi alipokimbilia bafuni angalau apate ya kwake, alimkuta bibi ameshatangulia, ameinama kwenye bomba linalovuja, anamsubiri kwa adabu zote.

Alimdharau kila hatua. Moyoni alisema, huyu ukimpeleka polisi anajifunga pingu mwenyewe na ufunguo anakukabidhi.

Bwana wa viatu naye alikuwa ameacha simu. Aliwafuata chumba hadi chumba, amekunja uso, anakwepa vumbi.

"Hili mbona hukuwahi kuniambia?" aliuliza, wamesimama chini ya dari iliyovimba.

"Nilisema, baba. Hukuwa na nafasi ya kusikia."

Mkaguzi aliufurahia ule uso uliokunjwa. Anayenuna namna ile mwishowe hulipa. Akammiminia maneno. "Nikutegee kitendawili, bosi. Kitu gani hunywa mvua bila mdomo, na hakishibi? Dari hii. Msingi umechoka, paa linaomba radhi, na huu ukuta umesimama kwa sababu tu haujachagua upande wa kuangukia. Bei niliyoisikia ni matusi. Nusu, na hiyo nusu yenyewe ni sadaka."

Bwana alijifuta jasho. Akauliza, taratibu, kama yuko mtu mwenye akili zake anayeweza kutoa bei ile ya kwanza.

Mkaguzi alimwapia kwamba hayupo, labda kipofu, tena kipofu asiye na pua. Akamweleza kwamba nyumba ya aina hii kila msimu wa mvua hupungua thamani, na kwamba yeye, kwa uzoefu wake, hangekubali kuipangishia hata mbuzi. Bibi alisimama mlangoni, mikono ameikunja, macho chini. Mkaguzi alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyevunja sahani ya wenyewe, akaona afadhali amalize kazi kabla kilio hakijaanza.

Akaandika ankara. Kasoro zilikuwa tele, lakini aliyoigundua kwa macho yake mwenyewe ilikuwa moja tu: kitasa cha dirisha la stoo kilicholegea. Iliuma. Hata hivyo alijifariji. Mwenye viatu vile, kwa jinsi alivyookolewa leo, hawezi kukosa kuongeza kitu cha shukrani. Akamnyooshea karatasi kwa mikono miwili.

Bwana hakuipokea. Alimgeukia bibi, na kwa sauti ya mtu aliyeishiwa pumzi akasema, "Haya, mama. Ichukue kwa hiyo nusu, nami nisikanyage hapa tena. Na mkaguzi wako mlipe mwenyewe."

Bibi alikuwa ameshafungua kipochi, anatafuta noti ya kasoro moja.