Bomba Lililopinda

Muhiddin aliiweka mashine ya kukatia juu ya bomba la chuma lililopita juu ya kiti cha dereva, kisha hakuiwasha.

Mabomba yale, ya kumkinga dereva gari likipinduka, ndiyo pekee yaliyobaki tangu Mustang hiyo, gari la Kimarekani la mwaka 1969, ilipogeuzwa kuwa gari la mashindano. Vingine vyote alikwisha kuvirudisha kama vilivyotoka kiwandani: viti, zulia, hata redio. Miezi minane gerejini Ilford, London, na mgongo haukumpa nafuu tangu asubuhi.

"Kata, fundi," alisema mwenye gari. "Mwezi ujao namuoza binti yangu. Nampa gari hili, aendeshe mwenyewe."

"Bomba hili limepinda."

"Uzee huo, kama wewe!" Mwenye gari akacheka. "Aliyeniuzia ameniapia, halijapinduka hata siku moja."

Muhiddin alilitambua gari lile siku ya kwanza, akanyamaza, maana kazi nyingine hakuwa nayo. Sasa alipitisha kidole gumba pale palipobonyea. Akilikata bomba, litakwenda kwenye chuma chakavu na hakuna atakayejua. Lakini paa lile alilinyoosha mwenyewe kwa nyundo, enzi za ujana. Bila bomba, paa hilo halimwokoi mtu gari likipinduka.

Akachomoa waya wa mashine ukutani.

"Limepinduka, bwana. Mara tatu," alisema. "Mimi nilikuwa ndani."