Mgeni wa Nungunungu

Fisi walipoliteka bonde kwa vita, walipiga marufuku mama yeyote kumsaidia mwenzake. Digidigi, mwoga kuliko wote, akawaficha wanawe shimoni kwa rafiki yake Nungunungu, kisha akatoka kuwatafutia majani. Hakufika mbali. Mkuu wa fisi alimkamata.

"Wanao wako wapi?"

"Sijui, Bwana Mkubwa."

Fisi akacheka. "Unajisumbua bure. Nungunungu keshakuuza! Ametuambia umewalaza kwenye matete kule mtoni."

Moyo wa Digidigi ukaruka kwa furaha. Mtoni? Kumbe mwenzake hakutamka neno!

"Amewadanganya," akasema. "Wamo shimoni, nyuma ya kichuguu kile. Nifuate!"

Akatimua mbio, Fisi nyuma yake, huku akipaza sauti: "Hodi! Hodi wenyewe! Mgeni anakuja, mpokeeni vizuri!"

Nungunungu alimsikia. Akawasukuma watoto ndani kabisa, akaupa mlango mgongo, akasimamisha miiba yote. Fisi, kwa tamaa yake, akatumbukiza kichwa kizima. Lo! Yowe alilopiga lilitikisa bonde. Akachomoka pua imejaa miiba, akakimbia bila kuangalia nyuma, na kundi lake, lisijue kilichomsibu, likamfuata hadi ng'ambo ya milima.

Nungunungu akachungulia nje, anatweta.

"Wewe! Umemleta fisi mlangoni pangu?"

Digidigi alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Sasa ningempeleka kwa nani mwingine, shoga yangu?"