Wasifu wa Mwalimu Kalinga

"Nitasoma mwenyewe," alisema Mama Damari, na wazee wa kanisa wakatazamana.

Mjane hasimami mbele ya jeneza la mumewe akasoma wasifu. Hukaa chini, akajifunika kanga, akalia. Lakini marehemu ndiye aliyeagiza hivyo, na agizo la marehemu halivunjwi.

Leokadia akamshika mkono, akamwinua. Alikuwa amefika Kihesa asubuhi ile kwa basi la kutoka Mbeya, baridi ya Julai ikiwa bado mifupani. Waombolezaji walijaa ua hadi barabarani, na wengi wao walifundishwa kusoma na mtu mmoja tu, huyo aliyelala ndani ya sanduku.

Mwalimu Eliezeri Kalinga alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja. Wenzake walipanda vyeo, yeye akakataa kuhama darasa. Vitabu havikutosha, basi alikata maneno kwenye magazeti ya zamani, akayabandika kwa uji mzito kwenye vipande vya boksi. Kila mtoto alipewa neno lake, akalale nalo, kesho aje alitamke.

Leokadia alilala na neno "kuni" siku kumi na mbili. Baba yake alishachoka, akasema mtoto arudi kuchunga mbuzi. Mwalimu hakumchapa wala hakumcheka. Watoto wengine walipokwenda nyumbani, aliketi naye sakafuni.

"Hakuna mjinga, mwana," alimwambia. "Kuna aliyeharakishwa tu."

Siku ya kumi na tatu neno likafunguka. Sasa Leokadia naye alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza.

Mwaka uliopita macho ya mwalimu yaliingia ukungu hadi akawa haoni ubao. Kisha uvimbe ukamwota shingoni. Hospitali kubwa ikampima, ikamrudisha nyumbani: daktari wa upasuaji akipatikana, wangemwandikia barua. Akasubiri.

Leokadia alikwenda kumwona wakati wa Pasaka. Alimkuta kibarazani, amejifunika blanketi, na Mama Damari kando yake ameshika rundo la barua. Wanafunzi wa zamani walimwandikia kutoka kila pembe ya nchi, naye mkewe alimsomea.

"Shikamoo, mwalimu," Mama Damari alisoma taratibu. "Mimi ni mzima, hofu ni juu yako wewe uliye mbali. Mvua huku ni nzuri, na mahindi yamestawi."

"Unamsikia?" mwalimu akamgeukia Leokadia, uso umemchanua. "Wanawake wenzake wanahangaika na ngumbaro, hayo madarasa ya watu wazima. Huyu nimemfundisha mimi mwenyewe, jioni baada ya jioni. Ndiye mwanafunzi wangu wa mwisho."

Mama Damari akainamisha uso kama mwari.

"Na ile ya hospitali?" mwalimu akauliza.

"Bado, mwalimu."

"Bado." Akapapasa shingo yake. Kisha akamtafuta Leokadia kwa mkono. "Nilifurahi sana uliponiandikia kwamba umejifungua mtoto wa kiume. Hajambo?"

Leokadia hakuwa na mtoto. Katika barua yake alikuwa ameandika kwamba mumewe amemwacha kwa sababu hiyohiyo. Akamtazama Mama Damari, lakini mama alikuwa anakunja karatasi na hakuinua macho. Basi, ugonjwa umepanda kichwani, Leokadia aliwaza, na moyo ukamwuma.

"Hajambo, mwalimu," akajibu. "Anakusalimia."

Hakumwona tena akiwa hai. Majirani walimsimulia kwamba uvimbe ulimbana hadi uji haukupita, na mwezi wa mwisho sauti ilikatika kabisa. Kila posta ilipofika alinyoosha mkono kuuliza, na kila mara alijibiwa kwa kutikiswa kichwa. Alikufa mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Wasifu aliutunga yeye mwenyewe kabla sauti haijamtoka, akitamka neno kwa neno ili mkewe aandike. Mama Damari sasa alifungua karatasi iliyopigwa taipu vizuri, yenye muhuri chini. Leokadia alidhani ofisi ya shule imesaidia.

Mama alisoma bila kukwama hata mara moja. Alisoma habari za kuzaliwa kwa mumewe kijijini Ilula, habari za maneno ya magazeti, na za watoto ambao Mungu hakuwajalia. Mwisho akasoma:

"Msiulize nimeacha nini. Nimeacha watu wanaosoma. Na wa mwisho wao ndiye huyu anayesimama mbele yenu."

Ua mzima ukaangua kilio. Hata Mzee Filemoni, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, aliegemea ukuta akalia kama mtoto.

Kaburini, udongo wa kwanza ulipogonga mbao, Mama Damari alipepesuka. Wanawake wakamdaka, wakambeba kumrudisha nyumbani. Karatasi ikamtoka mkononi, ikaanguka.

Leokadia akaiokota na kuipangusa vumbi. Alitaka kuinakili, akaibandike ukutani darasani kwake Mbeya, watoto wamjue mtu huyo. Akasogea pembeni, mbali na majembe, akaikunjua. Hapakuwa na neno hata moja la wasifu.

"Ndugu E. Kalinga," ilisema karatasi. "Daktari wa upasuaji amefika, na kitanda chako kiko tayari. Uvimbe wa aina hii ukitolewa mapema mgonjwa hupona. Fika bila kukosa kabla ya tarehe 30 Aprili. Barua hii imeandikwa leo, tarehe 4 Machi 1976."