Maji ya Kutasa

Kabla hajawa profesa wa sheria, Mwadime alifundisha fasihi Bura, na kila jaji alipokuja Voi kwa treni, yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa korti.

Siku hiyo mzee wa Kasigau alishtakiwa kumuua jirani yake. Alisema kwa lugha ya nyumbani, "Nilimkasirikia, ndiyo. Lakini asubuhi ileile nilitasa. Nilijaza maji mdomoni, nikayapuliza chini, hasira ikaisha."

Kila Mtaita anajua kwamba aliyetasa hana kinyongo tena. Mwadime aliona haya kumtajia jaji Mzungu habari za kutema maji. Akaziacha, akampa Kiingereza chake kizuri: hasira ilikuwa moto uliounguza moyo wa mzee usiku na mchana.

Jaji aliomba arudiwe maneno hayo. Akayaandika polepole, akayapigia mstari.

Alasiri hukumu ilisomwa kwa Kiingereza. Mzee, ambaye hakuelewa kitu, alimgeukia Mwadime, midomo imemkauka.

"Mwalimu, ulimwambia juu ya yale maji?"

Jaji alikuwa akifunika kalamu yake. Mwadime alimtazama mpaka akamaliza. Kisha akamtafsiria mzee hukumu ya kunyongwa, neno kwa neno, bila kuongeza kitu.