Watu wa Soko la Kadibodi

"Zulfa, mteja anafika saa nane, na hoteli yangu haina mtu hata mmoja," alisema Mzee Kihwelo, mwenye ofisi ya usanifu majengo, akiuzunguka mfano mdogo wa hoteli uliokaa mezani. "Bila watu ataujuaje ukubwa wake?"

Zulfa alikimbilia chumba alichopanga, akalishusha kutoka juu ya kabati soko la kadibodi alilolisanifu mwaka wake wa mwisho chuoni. Tangu aajiriwe alikuwa akichora vyoo na ngazi za majengo ya wengine. Soko hilo ndilo pekee lililokuwa lake. Lilijaa watu wa karatasi wenye kimo cha njiti ya kiberiti: muuza dagaa, mama mwenye mtoto mgongoni, vijana wawili wakicheza drafti. Akawabandua kwa wembe, mmoja mmoja, akiwaomba radhi.

Mteja aliinama juu ya hoteli, akatabasamu. "Watu wamependeza. Mmewatoa wapi?"

"Tunawatengeneza hapa hapa," alisema Mzee Kihwelo. "Zulfa, mletee mgeni chai."

Akiwa anamimina, aliwaona vijana wake wakicheza drafti kando ya bwawa la kuogelea.

Jioni alipiga magoti chumbani, akachungulia ndani ya soko. Alibaki mwanamke mmoja tu, aliyekaa barazani, ambaye gundi ilikataa kumwachia. Mbele yake meza tupu zilipangana hadi ukutani. Zulfa alikuwa amelipima soko lile mwenyewe, nguzo kwa nguzo. Hakujua kuwa lilikuwa kubwa kiasi kile.